Egesarate Haikuwa Zizi

Andiko lolote kuhusu majengo ya kale ya Nyanza lazima litafika Thimlich Ohinga, na ni haki yake. Kuta zile za Migori, mawe matupu yaliyopangwa bila udongo wala saruji, zinakadiriwa kujengwa karne ya 16, na mwaka 2018 UNESCO ikaziorodhesha. Kinachoniudhi ni hitimisho linalofuatia: ati sisi wa Sironga, kwa kuwa hatuna ukuta wa kupigia picha, hatukuwahi kujenga ngome.

Sasa egesarate ilikuwa nini? Abamura, vijana wa ukoo, waliishi humo na ng'ombe wa baba zao, kando na nyumba za mama zao, silaha tayari. Huku Mugirango tumepakana na Wakipsigis, na ng'ombe waliibwa pande zote mbili (tusijifanye malaika). Wanaanthropolojia wakaiita "kijiji cha ng'ombe", nasi tukaibeba tafsiri hiyo hadi leo. Mimi siipendi. Inawaona ng'ombe, haiwaoni walinzi. Huko Scotland, mwaka 1535, bunge liliamuru wenye ardhi kubwa upande wa mpakani wajenge kuta za mawe na chokaa za kuhifadhi watu wao na mali nyakati za machafuko, na mnara ndani yake kwa anayeona unafaa. Wezi wa mifugo walikuwa sehemu ya machafuko hayo. Sijaona mtu akiiita minara ile mazizi.

Mtaniambia miti huoza, mawe hubaki. Sawa, lakini egesarate haikuoza yenyewe. Waingereza walitushambulia 1905, wakarudi 1908 baada ya Otenyo kumchoma mkuki Northcote, ofisa wao. Mwaka 1913 wakapiga ebisarate marufuku. Serikali yenye bunduki inaogopaje zizi? Kumbe mkoloni aliisoma vizuri kutuliko: aliona kambi ya askari, akaivunja, vijana wakatawanywa.

Kilichosalia kimo mdomoni. Enyomba ni nyumba, na pia ni watu wa nyumba hiyo. Riiga ni mafiga, na pia ni tawi la ukoo. Mwandishi anayetafuta usanifu wetu angeanza na wazee wanaohesabu koo hivyo, halafu ndiyo apande matatu ya Migori.