Mti wa Wazazi Kando ya Uwanja wa Watoto

Kila anayeanzisha kundi la watoto kwa nia ya kuwafundisha kukaa vyema na wenzao aghalabu huanza kwa kutafuta mpira, kamba, filimbi na kijana mchangamfu wa kuongoza, na akisha kuvipata hivyo hudhani kwamba sehemu kubwa ya kazi imekwisha. Ilhali mipango ya namna hii iliyopimwa na wataalamu, Afrika ya Mashariki na ng'ambo, inaelekea kuonyesha kwamba mpira na kamba ndiyo sehemu nyepesi, na kwamba uzito umekaa upande wa pili wa uwanja, pale walipoketi wazazi. Makala haya yanakusudia kuifungua kazi hiyo kipande kwa kipande, kueleza kila kipande kina manufaa gani, na kisha kuipima kwa hali ya Kanamkemer, kata ya mji wa Lodwar huko Turkana, Kenya, ambako uwanja u wazi, watoto ni tele, na wazazi wana sababu nyingi za haki za kutofika.

Watoto wanaokusudiwa si wa namna moja. Wamo wenye haya iliyopita kiasi, wamo wepesi wa hasira, wamo wenye usonji, na wamo ambao vita, ukame au kuhamahama kumewaondoa katika mtaa waliouzoea na kuwatia katika mtaa ambao hakuna anayewaita kwa jina. Kinachowakutanisha ni upungufu mmoja: hawajui kuingia katika mchezo wa wenzao, au wakiingia hawajui kudumu humo. Watoto walio wengi huyaokota maarifa haya bila ya kufundishwa, lakini huyu asiyeyaokota hasaidiwi na waadhi wa kumtaka akae vizuri na wenzake, maana amri hiyo haina hatua ndani yake, na mtu asiyeijua njia hafaidiki kwa kuambiwa afike.

Hatua hizo ndizo zilizopangwa na Fred Frankel na Robert Myatt wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ambao mwaka 2003 walichapisha mwongozo wa mafunzo ya urafiki wa watoto wenye vikao 12, kimoja kila juma. Mfano ulio bora ni somo la kuingia mchezoni. Mtoto hufundishwa kwanza asimame kando atazame, aujue mchezo ni upi, kanuni zake ni zipi, na ni upande gani unaoshindwa. Kisha ausifu mchezo mzuri wa mwingine. Kisha angoje mpaka mchezo usite. Ndipo aombe kuingia, na aombe upande uliopungukiwa na watu, kwa kuwa upande huo una haja naye. Na akikataliwa aondoke bila ya kelele wala machozi, na asiende kushitaki. Baada ya maelezo mafupi watoto hutolewa nje wakacheza mchezo wa kweli, na kiongozi akasimama ukingoni, akitia neno moja kwa wakati wake pasipo kuusimamisha mchezo. Sababu ya kutoka nje si hewa safi peke yake: somo la kuingia linataka mchezo wenye mpaka, ambao mtu aweza kuwa nje yake na kisha ndani yake, na chumba kilichojaa viti hakina mpaka huo.

Wakati huo huo, mahali pengine, wazazi nao wana kikao chao, na hapo ndipo ulipo ufundi wa mpango mzima. Hawaji kuwangoja watoto wala kusikiliza hotuba ya malezi. Kila mzazi hutoa kwanza habari ya kazi ya nyumbani ya juma lililopita: alialikwa mtoto gani, walicheza nini, aliyechagua mchezo ni mgeni au mwenyeji, na ugomvi, kama ulitokea, ulizimwaje. Kisha hupewa somo lile lile analopewa mtoto saa ile ile, ili maneno yatakayotumika nyumbani yawe ni yale yaliyotumika uwanjani. Mwisho makundi mawili hukutanishwa, na mtoto na mzazi wake hupatana mbele ya kiongozi juu ya kazi ya juma lijalo: nani ataitwa, siku gani, na mzazi atakaa wapi ili asikie asiingilie. Elizabeth Laugeson, pamoja na Frankel, aliupeleka utaratibu huu kwa vijana waliobalehe, na mwongozo wao wa mwaka 2010, wenye vikao 14, ulishika kaida ile ile ya makundi mawili sambamba. Kikao, basi, huanzisha tu. Kazi hukamilika katika zile siku sita za juma ambazo kiongozi hayupo na mzazi yupo.

Yaweza kusemwa kwamba Los Angeles ni mji wa magari na simu, na kwamba kilichofaa huko hakilazimiki kufaa penye vumbi na foleni ya mgao. Hoja hiyo ni ya haki, na jawabu lake la karibu linatoka Kigoma. Katika kambi ya Mtendeli, wilaya ya Kakonko, iliyokuwa ikiwahifadhi wakimbizi wa Burundi kabla ya kufungwa mwaka 2021, mpango wa Shirika la Afya Duniani uitwao EASE ulifanyiwa jaribio dogo la watoto 82 pamoja na walezi wao, jaribio ambalo muradi wake ulikuwa kujua kama kazi ya namna hii inawezekana kabla ya kuuliza inaponya kwa kiasi gani. EASE hauhusu urafiki moja kwa moja, bali huzuni na wasiwasi wa watoto waliokaribia kubalehe. Lakini umejengwa kwa muundo ule ule wa pande mbili. Watoto hupewa vikao 7, wakajifunza kuzitambua hisia zao, kuutuliza mwili kwa pumzi, kurudia shughuli walizoziacha, na kulikata tatizo katika vipande vinavyotatulika. Walezi hupewa vikao 3, wakajifunza kumsikiliza mtoto, kumsifu kwa jambo lililo dhahiri, kutafuta njia nyingine badala ya fimbo, na kujitunza wao wenyewe. Viongozi si matabibu wa nafsi. Ni watu wa kawaida waliofunzwa na wanaosimamiwa, na kwa hiyo mpango waweza kusafiri mpaka mahali ambapo tabibu hafiki.

Msomaji makini ataona tafauti ya hesabu: Los Angeles kila kikao cha mtoto kina mwenzake cha mzazi, ilhali EASE umeweka vitatu kwa saba. Mlezi wa kambini ana maji ya kuteka, kuni za kutafuta na kibarua cha kukimbilia, na kumwita kila juma ni kumwomba chakula cha watoto wake; vikao vitatu ni bei anayoweza kuilipa. Lakini kilichokatwa kina thamani, nacho ni ile taarifa ya kila juma, ambayo kwayo kiongozi hujua kama somo limevuka kizingiti cha nyumba au limebakia mchangani. Anayeuiga mpango huu hana budi kutafuta namna nyingine ya kuipata taarifa hiyo.

Ya kwamba somo laweza kubakia mchangani si dhana tupu. Huko Rwamwanja, makazi ya wakimbizi wa Kongo magharibi ya Uganda, World Vision na Chuo Kikuu cha Columbia walichunguza viwanja salama vya watoto, ambavyo nguzo yake ilikuwa michezo, nyimbo na masomo mepesi ya kila siku. Watoto waliohudhuria walionekana mwanzoni kufaidika kuliko wenzao. Lakini walipotazamwa tena baada ya miezi 18, tafauti ile kwa jumla ilikuwa imefifia. Tokeo hili halifai kusomwa kwa haraka, maana yawezekana pia kwamba wale wasiohudhuria walipata ahueni kwa kupita muda. Hata hivyo, faida inayofifia yatuagiza tuulize ni nani aliyeachiwa kuiendeleza kiwanja kilipofungwa.

Turkana yenyewe ina ushahidi wa zamani zaidi. Kambi ya Kakuma, kiasi cha kilomita 120 kutoka Lodwar, ilifunguliwa mwaka 1992 na kuwapokea wakimbizi wa Sudan ya Kusini waliotoka Ethiopia baada ya serikali ya Mengistu kuanguka mwezi wa Mei 1991, na miongoni mwao walikuwamo maelfu ya wavulana waliotengana na wazazi wao. Hapakuwa na mzazi wa kuitwa kikaoni. Kwa hiyo upande wa pili wa uwanja ulibidi uundwe. Wavulana walikaa kwa makundi, vibanda vyao vikikaribiana, na makundi yakawekewa watu wazima wa kabila na lugha yao, walimu na walezi, huku mashirika kama Rädda Barnen la Uswidi yakisaidia. Funzo kwa fundi wa leo ni kwamba mahali pa mzazi paweza kushikwa na shangazi, nyanya, kaka mkubwa au jirani, maadamu mtu huyo analala karibu na mtoto na atakuwapo siku ya Jumatano, wakati mchezo umeharibika na kiongozi hayupo.

Tukija sasa Kanamkemer, jambo la kwanza la kupangwa ni saa. Joto la mchana wa Lodwar kwa kawaida hufikia nyuzi 35, na mchanga huchoma nyayo. Wakati unaofaa, basi, ni asubuhi mapema ya siku isiyo ya shule, au alasiri jua likisha kulegea, na kikao kisizidi saa moja na nusu. La pili ni mahali. Mgunga wenye kivuli kipana wafaa, na kadhalika mikoma ya kando ya mto Turkwel. Lakini pasichaguliwe mahali penye mathenge, ule mti wa kigeni ambao Waturkana huuita etirae, kwa kuwa miiba yake hupenya ndala, na mtoto anayetazama chini kwa hofu ya mwiba hawezi kujifunza kuwatazama wenzake. Mpaka wa mchezo uchorwe mchangani kwa fimbo, uonekane. Watoto 8 hadi 10 watosha, kwani upepo wa Turkana huichukua sauti, na kiongozi anayelazimika kupiga kelele amekwisha kuipoteza ile faragha ya neno moja masikioni mwa mtoto.

La tatu ni kivuli cha wazazi, nacho kiwe mbali kiasi cha kuonana bila ya kusikiana. Waturkana tangu zamani wana mti wa wanaume, ambapo wazee huketi juu ya vigoda vyao wakakata mashauri, na itakuwa ni upungufu wa busara kuleta viti vya plastiki na kuanzisha baraza jipya ilhali baraza lipo. Baba asiyekwenda kwenye mkutano wa malezi aweza kulizungumza jambo la mwanawe chini ya mti huo, mradi aliyelileta ni mzee mwenziwe. Kina mama nao huja na watoto wachanga, na mara nyingi dada mdogo anayestahili kuwa mchezoni ndiye anayewabeba. Kwa hiyo pawepo mkeka wa tatu, na mtu wa kuwaangalia wachanga, la sivyo wasichana watakosekana uwanjani na hesabu ya mahudhurio haitasema kwa nini. Uji utolewe kabla ya mchezo, kwa wote, kwani mwenye njaa hafundishiki kungoja zamu.

La nne, ambalo ndilo kiini, ni kazi ya nyumbani. Huko Los Angeles kazi ni kumwalika mtoto mmoja nyumbani kwa miadi. Kanamkemer milango haifungwi kwa miadi, na watoto hutembeleana bila ya kualikwa. Kazi, basi, ibadilishwe umbo na isibadilishwe maana: mtoto aende kuteka maji pamoja na mwenzake mmoja aliyechaguliwa, au wachunge mbuzi pamoja asubuhi moja, au wacheze bao la vishimo vya mchangani na mgeni atangulie. Mzazi atazame jambo moja tu, kwa mfano kama mwanawe alingoja zamu, na alisimulie kwa mdomo kikao kijacho, pasipo daftari, maana wengi wa wazazi hawakusoma, na masimulizi ndiyo kumbukumbu yao iliyo madhubuti. Ikiwa vikao vya wazazi ni vichache, kiongozi na apite nyumbani siku ya katikati ya juma aisikie habari hiyo. Huko ndiko kuirejesha ile taarifa iliyokatwa. Katika makazi ya Kalobeyei, yaliyofunguliwa mwaka 2016 ili wakimbizi na wenyeji washirikiane katika huduma, kazi ya namna hii ingeweza kuwaunganisha watoto wawili wa pande hizo, na wazazi wao wakafuatia.

Mpango huu una mipaka yake. Hautibu usonji, na mtoto anayeshukiwa kuwa nao, au asiyesema, au anayejidhuru, apelekwe kwa wataalamu, wakiwamo wale wa vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu ambavyo Kenya ilianza kuviweka mwaka 1984. Wala hauwezi kushindana na fimbo: Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza adhabu ya viboko shuleni, lakini mtoto anayepigwa nyumbani kwa kukosea mchezoni atajifunza kujificha badala ya kujifunza kucheza, na jambo hilo lazima lizungumzwe kwenye kivuli cha wazazi mapema, kwa staha, pasipo kumwaibisha mtu.

Rai yangu ni kwamba kundi la namna hii lisipimwe kwa idadi ya watoto waliokuja wala kwa shangwe ya uwanja, bali kwa swali moja atakaloulizwa mzazi: mwanao alifanya nini na mwenzake juma hili, nawe ulikuwa wapi? Na ikitokea, kama inavyotokea mara nyingi katika kaunti zilizo mbali na hazina, kwamba fedha zinatosha kumlipa kiongozi mmoja tu, basi na awekwe chini ya mti wa wazazi, awafundishe hatua kwa hatua namna mtoto anavyoingia mchezoni. Kwa sababu watoto wa Kanamkemer watacheza hata asipokuwapo, na wanachokosa ni mtu mzima wa nyumbani anayejua la kutazama wanapocheza.