Kamba za Mtepe

Mtepe ulikuwa chombo cha bahari cha Waswahili, hasa wa visiwa vya Lamu. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi badala ya kupigiliwa misumari, na tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne kwenye mlingoti mmoja. Mitepe ya kazi ilitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na tangu hapo anayetaka kuijua hutegemea mifano ya makumbusho na maandishi ya waliowahi kuiona.

Kwa anayetaka kuunda mfano mpya, kuchonga bodi lake si kazi ngeni kwenye Uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanzania. Kutoka Chiwata hadi Newala patasi na tezo zimo mikononi mwa watu tangu zamani, na aliyezoea mpingo hashindwi na omo la mtepe, lililojitokeza mbele kama shingo ya ngamia. Mpingo wenyewe huzama majini, kwa hiyo bodi la mfano wa kuelea lichongwe kwa mti mwepesi. Ugumu umo kwenye kamba. Mbao hudumu, kamba huoza, na mfano uliokaa kabatini miaka mingi huenda ulishafungwa upya na mtu asiyewahi kuuona mtepe ukitweka tanga.

Ndiyo maana utafiti wa kamba unastahili heshima kuliko uchongaji wenyewe. Ushahidi umetawanyika. Wareno waliofika Msumbiji pamoja na Vasco da Gama mwaka 1498 waliandika juu ya vyombo visivyo na misumari na matanga ya mikeka. Huko Kilwa na Songo Mnara, kusini humuhumu, kuta za magofu zina michoro ya vyombo iliyokwaruzwa kwenye lipu; ni mistari michache tu, lakini huenda aliyeichora alikuwa mtu wa pwani hiyo. Mwaka 1941 James Hornell alichapisha makala juu ya mtepe na dau la Lamu. Hakuna chanzo kinachotosha peke yake: msafiri huandika kilichomshangaza, naye mchoraji wa ukutani huacha kilichomchosha mkono.

Pengo hujazwa kwa kufuata kazi ya kila kamba. Jarari hupandisha foromali, yaani mti unaobeba tanga, pamoja na tanga lenyewe. Demani huzuia pembe ya tanga upepo usiipeperushe. Kamba isiyojulikana inashika nini haina nafasi chomboni. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuuvika mtepe tanga la pembe tatu la jahazi, na hapo kamba zote hukosa maana, kwa kuwa foromali ya jahazi hulala mshazari na ya mtepe hukaa mkingamo.

Halafu kuna vipimo. Katika mfano wa 1 kwa 20, kamba ya sentimita 3 huwa milimita 1.5. Uzi wa dukani una unene huo, lakini unang'aa na kulegea vibaya. Afadhali nyuzi za makumbi zenyewe, zichambuliwe zibaki zile nyembamba, zilowekwe, kisha zisokotwe pajani, ncha mbili kwa pamoja, mpaka zijikaze. Tanga nalo lisukwe ukili na kushonwa ukili kwa ukili kama mkeka wa nyumbani. Chane ya sentimita 1 ingepaswa kuwa nusu milimita, nayo hukatika ikisukwa. Msukaji mwangalifu huishia kwenye milimita 2 na kukubali kwamba tanga lake ni nene kupita kiasi.

Ulegezaji wa namna hiyo uandikwe. Chini ya kila mfano iwepo karatasi inayotaja kamba zilizotoka kwenye ushahidi, zilizokisiwa kwa kufuata kazi yake, na mahali vipimo vilipolegezwa. Mfano usio na karatasi hiyo, hata ukipendeza vipi, haufai kuwekwa makumbusho.