Malazi ya Wapagazi wa Njia ya Bara

Mpagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19, aliyejitwika pembe ya ndovu au robota la kitambaa cha merikani lenye uzito wa frasila mbili hivi, yaani kadiri ya kilo 32, baina ya Tabora na Bagamoyo, hakuwa na nafasi begani ya kuongeza hema; na kwa kuwa safari ilimchukua miezi, ilimlazimu awe na maarifa ya kulala nje akaamka mkavu, mwenye nguvu za kujitwika tena.

Maarifa hayo yalianza kutumika mchana. Richard Burton, Mwingereza aliyeipita njia hiyo baina ya 1857 na 1859, ameeleza jinsi wapagazi walivyovua ngozi zao za mbuzi mvua iliponyesha, wakazikunja na kuzihifadhi mzigoni, wakaenda wakirowa. Mgeni huona ni kioja, kumbe mna hikma kubwa: mwili uendao hujipasha moto wenyewe na kukauka upesi mvua ikikatika, ilhali ngozi iliyorowa haikauki kabla ya usiku, na ajifunikaye kitu kibichi hunyang'anywa joto lake na maji yanayogeuka mvuke.

Walipotua, walijenga vibanda vya matawi na majani. Mahali pafaapo ni penye mwinuko kidogo, kwa sababu maji na hewa ya baridi vyote huteremkia bondeni. Majani ya paa huanzwa chini kupandishwa juu, kila safu ikiilalia ncha ya juu ya ile iliyo chini yake, ili tone lifuate bua hata ukingoni. Na paa hilo lina kazi hata usiku usio na wingu, maana huzuia umande na kupunguza joto la mwili lipotelealo mbinguni.

Amma kitanda, ndicho kiini cha jambo. Ardhi hufyonza joto la mtu usiku kucha, na nguo ya kujifunika, hata iwe nzito, haimkingi mgongoni. Majani makavu, yakirundikwa tele hata yasibonyee mpaka udongoni, hufunga hewa baina ya mabua, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Baada ya hayo ndipo moto wa mlangoni huwa na faida, kwani humwotesha mtu ambaye tayari hapotezi alichonacho.

Vitabu vya safari vimewatukuza wenye mahema. Nami naona ujuzi huu wa wapagazi wastahiki kufundishwa kwa heshima ile ile, kwa kuwa kila mchungaji na mlinzi alalaye nje leo angali anauhitaji.