Raga ya Tagi: Kukaba Bila Kuangushana

Mtoto wa miaka 6 hajajua kuanguka, na mwenzake hajajua kumwangusha salama. Chama cha raga cha England kimelimaliza tatizo hilo kwa kuahirisha kukabana kwa mwili. Walio chini ya miaka 7 na chini ya miaka 8 hucheza raga ya tagi, wanne kwa wanne kisha sita kwa sita. Kukabana kwa mwili huanza kwenye kundi la chini ya miaka 9. Namna mchezo huu ulivyosukwa inastahili kutazamwa kwa makini, maana kilichoondolewa ni kidogo kuliko inavyodhaniwa.

Kila mchezaji huvaa mkanda wenye tepe mbili za velkro, moja kila nyonga. Hizo ndizo tagi. Shati huchomekwa ili zionekane. Mlinzi hamshiki mtu; anachomoa tagi ya mwenye mpira, anaiinua juu na kupaza sauti: "Tagi!" Hapo mwenye mpira ana sekunde 3 za kutoa pasi, zikiwemo hatua za kusimama. Pasi haiendi mbele. Hakuna kupiga mpira teke, na kuzuia mkono wa mlinzi au kufunika tagi ni kosa.

Sekunde hizo 3 ndizo zinazoubeba mchezo mzima. Kwenye raga ya kukabana, aliyeangushwa hutegemea wenzake wafike wapiganie mpira pale chini. Kwenye tagi hakuna pa kujificha. Mwenzako akikutangulia, au akibaki mbali, huna wa kumpa. Kwa hiyo watoto hujifunza mapema kumfuata mwenye mpira hatua kadhaa nyuma, ili wapokee wakiwa tayari kwenye mwendo.

Chukua wawili dhidi ya mlinzi mmoja. Kosa la kawaida ni mwenye mpira kukimbia mshazari kuelekea kwa mwenzake: wote wawili wanabanwa pembeni, na mlinzi mmoja anawatosha. Njia sahihi ni kulielekea lile bega la mlinzi lililo mbali na mwenzako. Mlinzi analazimika kugeuka akukabili. Nyonga zake zikishageuka, toa pasi. Ukiitoa mapema, mlinzi anahama na mpira. Ukichelewa, tagi imeshatoka na walinzi wengine wamefika.

Mlinzi naye ana kazi yake. Macho yawe kwenye nyonga, kwa sababu mpiga chenga hudanganya kwa kichwa na mabega, lakini mwili hauwezi kwenda kusikoenda nyonga. Aje kwa kasi, kisha akikaribia afupishe hatua, ili aweze kubadili upande bila kuteleza.

Baada ya tagi kuna jambo ambalo makocha wengi hulipita haraka. Mlinzi lazima airudishe tagi mkononi mwa mwenyewe kabla ya kuendelea kucheza. Aliyechomolewa naye lazima aibandike kwanza. Kila upande umepungukiwa mmoja, lakini faida si sawa. Pengo la walinzi liko mahali panapojulikana, pale mlinzi alipotoka, ilhali washambuliaji wanachagua pa kwenda. Timu inayotoa pasi upesi na kupita hapo hapo itafunga trai nyingi kuliko inayosubiri wote wajipange.

Kwa shule zetu za Afrika Mashariki, mchezo huu unafaa hasa. Hauhitaji magoli, na kwa kuwa hakuna anayeangushwa, uwanja wa murram unatosha. Wasichana na wavulana hucheza pamoja. Kocha aanze na zoezi la wawili kwa mmoja, alirudie mpaka pasi itoke bila kuambiwa, ndipo aongeze watu. Watoto waliofundishwa hivyo watakapofika kwenye raga ya kukabana, watakuwa na somo la mwili tu lililobaki. Kusoma nafasi watakuwa wanakujua tayari.