Achilles na Patroclus: Homer alisema nini?

Nilipokuwa seminarini, mwalimu wetu wa Kigreki alipofika penye kilio cha Achilles alifunua kurasa upesi. Mmoja wetu akauliza: Je, huyu Patroclus alikuwa rafiki tu? Hakujibiwa. Swali lile lilikuwa la haki, basi tulijibu.

Tufungue kitabu kwanza. Katika Iliada, kitabu cha 9, usiku kila mmoja analala na mwanamke wake. Katika kitabu cha 18, Achilles akisikia ya kwamba Patroclus ameuawa, anajimwagia mavumbi kichwani, anajitupa chini, analia hata mama yake anamsikia toka kilindi cha bahari. Katika kitabu cha 23, marehemu anamtokea usingizini, anaomba mifupa yao iwekwe katika chombo kimoja. Hayo Homer anayasema. Mapenzi ya mwili kati yao hayataji.

Waliofuata ndio waliotaja. Katika karne ya 5 mbele ya Kristu, Aeschylus aliwaonyesha katika mchezo wake kuwa wapenzi. Katika Karamu ya Plato, Phaedrus anakubali, lakini anamkosoa Aeschylus: Achilles alikuwa mdogo, basi ndiye aliyependwa, si aliyependa. Xenophon naye anamwonyesha Socrates akikana: Achilles alimlipia kisasi mwenzake, si mpenzi wake. Mwaka 345 mbele ya Kristu, Aeschines aliwaambia waamuzi wa Atene ya kwamba Homer alificha jina la mapenzi hayo, akijua wenye elimu watafahamu.

Basi ubishi huu si wa leo. Wagreki wenyewe, wenye lugha ile, hawakupatana. Anayesema «Homer ameandika wazi» anaongeza. Anayesema «hakuna Mgreki aliyewaza hivyo» anapunguza. Wote wawili wamefunga kitabu kabla ya kukisoma.

Tena tusidhani jambo hili ni la wapagani tu. Katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 1, Daudi anamlilia Yonatana, akiweka upendo wake juu ya upendo wa wanawake. Hapo pia wasomaji wanabishana. Mwanafunzi akituuliza, tusifunue ukurasa upesi. Tumsomee lililoandikwa, tumwambie lililoongezwa na watu, naye asikie kwanza kilio cha mtu aliyefiwa.