Kisu Shimoni

Mpima udongo aliyebobea akiingia shimoni kule Amani, Usambara Mashariki, hutanguliza kisu. Anachokoa ukuta wa shimo kuanzia juu, taratibu, akishuka hadi anapokuta kitu ambacho kwa macho ni mwamba kabisa: mistari ya naisi ipo vilevile, ila ile myeusi imeingia kutu. Anasukuma kisu nacho kinazama. Mwamba umeoza ukiwa umesimama palepale.

Anachomoa punje nyeupe na kuibana kwa kucha. Ikisagika ikawa unga, ilikuwa felispa na sasa imeshakuwa kaolini. Kwatzi haisagiki. Ulanga mweusi nao umegeuka rangi ya dhahabu, wa kumdanganya mgeni.

Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Maji hayo yakipenya kwenye majani yanayooza hunywa kabonidayoksaidi, yakawa tindikali hafifu. Yanaondoka na kalsiamu, magnesiamu na potasiamu, kisha silika polepole. Chuma na alumini hubaki. Huko Magamba, Lushoto, kazi hiyo imefika mbali hadi ikaacha boksiti, mbale ya alumini.

Ila mvua isipewe sifa zote, na hapa ndipo ninapomvulia kofia fundi huyu. Mteremko wa kusini wa Kilimanjaro nao hunyeshewa sana, lakini mwamba wake ni wa volkano, wenye umri mdogo sana ukilinganishwa na naisi ya Usambara. Kioo kilichomo kwenye majivu yake huyeyuka upesi, kabla madini hayajapata nafasi ya kujipanga. Udongo unakuwa mweusi, mwepesi, na ukiusugua kwa kidole gumba unateleza kama sabuni. Akiwa na shaka, anaweka kidonge cha udongo huo kwenye karatasi yenye fenolfthaleini na kudondoshea floridi ya sodiamu. Karatasi ikiiva wekundu, anajua ni alofani, zao la kioo hicho kilichoyeyuka.

Bado hatoi hukumu. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani miaka ya 1930, alionyesha kwamba udongo wa kilele, wa mteremko na wa bondeni umeungana, kwa kuwa maji hushusha chembe na chumvi kutoka juu. Kwa hiyo mpimaji anafuta kisu, anapanda hatua kadhaa na kuchimba tena, ajue kama udongo alioushika ulitokana na mwamba ulio chini yake au uliporomoka tu kutoka juu.