Kitabu kizuri kwa mtu mwenye mlango wa pili

Wandugu walisansiye, na ninyi mnaongoja bado kutetea memwari: yaya mmoja aliyerudi na doktora yake alinitumia kitabu ku telefoni, akaandika tu, "Soma sura ya tano, kisha uniambie kama ni yetu." Nimekisoma chote. Jibu langu ni ndiyo na hapana, na ile hapana ni ndefu zaidi.

Kitabu kinaitwa Making the Right Moves. Kilitolewa Marekani mwaka 2004, toleo la pili 2006, na mashirika mawili yanayotoa feza za utafiti wa biolojia na tiba: Howard Hughes Medical Institute na Burroughs Wellcome Fund. Kilitokana na mafunzo ya mwaka 2002 kwa posidokta na waalimu wapya. Posidokta, kwa asiyejua, ni mtu aliyemaliza doktora lakini anatumika kwanza miaka michache katika labo ya mwingine, akitafuta nafasi yake mwenyewe. Kitabu ni cha bure. Kinaeleza namna ya kuomba kazi, kuongoza labo, kuomba feza, kuandika makala, hata kupanga saa. Lugha yake ni nyepesi, hakimwonei msomaji.

Sura ya tano ni ya ankadrema. Inachora ankadreri mzuri: mlango wake uko wazi, anavumilia makosa, anakuambia ukweli hata ukiwa mchungu. Kisha inamgeukia kijana: aulize, asingoje kuitwa, awe na shukrani. Na inamshauri awe na ankadreri zaidi ya mmoja. Nilipofika pale nilicheka peke yangu ndani ya bisi, watu wakaniangalia.

Juu ya nini? Kwetu cheo cha posidokta hakiko. Mtu anakuwa asistenti, kisha CT, anahangaikia doktora, na akiipata anapanda kuwa profesa asosiye. Ile miaka ya kujifunza kazi chini ya mkubwa, ambayo wao wanaipitisha nyuma ya doktora, sisi tunaipitisha mbele yake, tena chini ya mtu mmoja. Huyo ndiye promoteri wa tezi yako, ndiye anakugawia kozi za kusaidia, ndiye anasema neno juu yako wakati wa kupandishwa. Nenda basi utafute ankadreri wa pili! Kesho yake watasemezana ku koridori: "Ule anatafuta nini kwa fulani?"

Hapa njo lawama yangu. Kitabu kinachukua ankadrema sawa vile ni mambo ya tabia. Ukipata mtu mwema, umepona. Usipompata, tafuta mwingine. Ni shauri la mtu mwenye mlango wa pili. Na hata kule mlango wenyewe si mpana: posidokta wengi wa Marekani hawafikii kuwa profesa. Kitabu kinachomwomba ankadreri aseme ukweli, chenyewe kinaongea karibu paka na yule atakayeongoza labo yake. Wale wengine, walio wengi, wanapata nini humo? Kidogo sana.

Lakini tabia peke yake haitoshi, na yaya aliyenitumia kitabu ni mfano. Wakati angali asistenti, alipima maharagi misimu mitatu, A ya mwezi wa tisa na B ya mwezi wa pili, kisha A tena. Alipanda milima kwa miguu, esansi ya moto mara nyingi ilitoka ku mfuko wake. Namba zote alimpa shefu. Makala ilipotoka, jina lake lilikuwa mwishoni, ku mstari wa aksanti, pamoja na dereva. Alipouliza, alijibiwa kwa upole: "Uko na haraka ya nini? Wakati wako utafika." Shefu yule si mtu mubaya. Mtoto wa yaya alipogonjwa, ni yeye alilipa dawa. Mlango wake ulikuwa wazi, uvumilivu alikuwa nao. Kilichokosekana ni karatasi moja iliyoandikwa mbele ya kupanda.

Marekani yenyewe ilielewa jambo hili kuliko kitabu chao. Tangu 2009, mwalimu anayeomba feza za National Science Foundation za kulipa posidokta, anapaswa kuweka ukurasa mmoja unaoeleza namna atakavyomlea katika kazi. Ukurasa usipokuwemo, ombi linarudishwa bila kusomwa. Najua, karatasi inaweza kujazwa maneno matupu, na sisi Wakongomani kwa ile kazi tuko na diplome! Hata hivyo, angalia tofauti: ankadrema imefungwa ku feza, haikuachwa ku moyo wa mtu. Katika proje nilizofanyia staji, niliona mstari wa gari, mstari wa esansi, mstari wa atelye. Mstari wa kijana atakayepima shamba, atapata nini mwishoni, sikuuona hata mara moja.

Ndiyo yangu sasa. Kuko sura nyingine, ya kaye ya labo na kutunza data, ambayo wengi watairuka. Msiiruke. Inafundisha kuandika kila siku, kuweka tarehe, kuhakikisha kwamba mwingine anaweza kufuata ulichofanya. Sisi watu wa tere, wenye kaye iliyolowa mvua na namba zilizoandikwa ku kiganja, tunahitaji sura ile kuliko ya tano.

Yaya ameanza kuitumia. Sasa yeye ni profesa asosiye, na kuko proje mpya ya maharagi pamoja na mkubwa mwingine. Mbele ya kupanda, aliandika ukurasa mmoja: nani anapima, nani anatunza namba, majina yatafuatana namna gani ku makala, na asistenti wao naye akiwa ndani. Akaupeleka ku biro. Mkubwa aliusoma mara mbili, akacheka, akauweka ndani ya tiruwari. Maharagi ya msimu B yameanza kutoa maua. Ukurasa haujatiwa sinyature bado, lakini haujarudishwa.